Siku ya Familia Ufukweni Mombasa: Mwongozo kwa Wanaotoka Bara

Shule zikifunga tu, Agosti au Desemba, maswali huanza kumiminika. Twende ufuo upi? Watoto hawajui kuogelea, itakuwaje? Tupike au tununue hukohuko? Na lile linalokuja jioni, watu wameshachoka na kununiana: mbona tulipofika maji yalikuwa yamekwenda mbali, pakabaki matope na mwani? Nimeyajibu kwa simu, kwa WhatsApp na kwa mdomo, na msimu ukifika yanarudi vilevile. Basi nimeyaweka yote pamoja, shemeji akipiga nimtumie hii.

Ninazungumzia hasa ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, ambao kila mtu hapa huuita Pirates. Ndiko familia nyingi za kutoka bara huishia: kuingia ni bure, matatu hupita jirani, na chakula hakikosi. Lakini karibu yote yaliyomo humu yanafaa pia Nyali, Shanzu, Tiwi na Diani.

Ukisahau mengine yote, shika hili: siku ya pwani hupangwa na maji. Wageni wengi hupanga gari, nguo, chakula na hata nani atakaa dirishani, kisha wakaacha bahari ijipangie. Nayo hujipangia kweli.

Vya kutayarisha

Maji ya kunywa, tena mengi kuliko unavyodhani. Kwa familia ya watu watano beba lita 10. Yajaze nyumbani kwenye chupa za kudumu au mtungi mdogo, kwani tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja na kutupa zimepigwa marufuku fukweni, na mifuko ya plastiki ilikuwa imekatazwa nchini tangu 2017. Vikapu vya ukindu hufanya kazi nzuri, na mchanga hupita katikati ya ukindu badala ya kurundikana chini.

Mtungi wa pili wa maji baridi, yaani maji ya mfereji, wa kujisuuzia chumvi. Mkiusahau, mtarudi nyumbani ngozi zinawasha.

Thermosi mbili: moja ya chai, nyingine ya maji moto matupu. Hii ya pili watu hunicheka nikiitaja. Utaona kazi yake mwishoni.

Leso tatu au nne na kikoi kimoja au viwili. Leso ni mkeka, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kivuli cha mtoto mchanga. Taulo nene ziacheni, zikilowa ni mzigo.

Nguo za kuogelea. Kama hamna zile maalumu, fulana nyepesi na suruali ya kubana vinatosha kwa wote. Akina mama wengi huingia na dera au buibui, na hakuna atakayewashangaa Pirates. Ila jueni kwamba dera likijaa maji huwa zito na hujizungusha miguuni. Ukitaka kupita magotini, vaa suruali ya kubana na fulana ndefu, ujitande leso ukitoka.

Viatu vya kuingia navyo majini, vya mpira, vinavyoshika mguu. Kandambili huchomoka na kuelea zake.

Kofia, na losheni ya kukinga jua. Najua kuna watu weusi wanaoamini jua haliwachomi. Linawachoma. Hapa tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, na nimeona mabega ya vijana wa Limuru yakibambuka ngozi wiki nzima.

Pesa taslimu za noti ndogondogo, mfuko wa kuwekea taka zenu, kibanio kidogo cha kuondolea miiba, plasta, na kalamu ya wino usiofutika kwa maji.

Hatua kwa hatua

1. Tazama mwezi kabla ya kutazama kalenda.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo siku inapopatikana au kupotea.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kama dakika 50. Kwa hiyo kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Leo yakijaa saa mbili asubuhi, kesho yatajaa karibu saa tatu kasorobo, keshokutwa saa tatu na nusu na ushei. Baada ya kujaa, huchukua saa sita na kidogo mpaka yapwe kabisa.

Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, ni siku za bamvua. Maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikizidi mita 3. Mombasa, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na tena jioni, na hupwa kwenye saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Sasa fikiria familia iliyotoka hotelini saa tatu asubuhi siku ya bamvua. Inafika ufukweni wakati bahari inamalizikia kuondoka. Watoto wanakimbilia majini, wanatembea, wanatembea, maji bado yako kwenye vifundo vya miguu. Ndilo lile swali la jioni.

Mwezi ukiwa nusu, kama tarehe 7 na 8 au 22 na 23 za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, kama mita moja hivi. Siku hizo mambo hugeuka: maji hujaa saa nne au tano asubuhi na kupwa jioni, na hata yakipwa hubaki ya kuogelea. Kwa familia yenye watoto wadogo na inayotaka kukaa kutwa nzima, siku za maji mafu ndizo ninazozipendekeza kila mara.

Ukitaka saa kamili, tafuta kwenye intaneti jedwali la maji kujaa na kupwa la Mombasa. Mamlaka ya Bandari ya Kenya pia huchapisha lake. Au muulize mvuvi yeyote, hatahitaji jedwali.

2. Chagua siku, kisha saa.

Muda mzuri wa kuogelea ni kuanzia maji yakiwa nusu yakijaa mpaka yanapoanza kugeuka. Siku ya maji mafu, fika saa mbili asubuhi. Siku ya bamvua, lala, kula mahamri na mbaazi bila haraka, kisha fika saa nane mchana, ukae kivulini mpaka jua lianze kulegea, maji nayo yakirudi. Wageni huona ajabu kuambiwa waende pwani mchana, lakini hiyo ndiyo jioni tamu kuliko zote.

Epuka Krismasi, siku ya pili yake, Mwaka Mpya na sikukuu za Idd, isipokuwa kama umati wenyewe ndio starehe yenu. Siku hizo Pirates hufurika watu hata mchanga hauonekani, na mtoto akikuachia mkono hujui uanzie wapi. Nenda siku ya kazi, katikati ya wiki.

Kuhusu msimu: Desemba ni kaskazi, joto kali, na maji mara nyingi ni matulivu. Agosti ni kusi, upepo una nguvu, mawimbi yamechangamka, na mtoto akitoka majini hutetemeka. Agosti ongeza sweta moja kwa kila mtoto. Ndiyo, sweta, Mombasa.

3. Linganisha ufuo na watu ulio nao.

Pirates pana kila kitu pamoja na kelele za kila kitu. Nyali na Shanzu pametulia zaidi, lakini njia nyingi za kuingilia zimepita kando ya hoteli na nyumba za watu, kwa hiyo ulizia mapema mlango wa umma uko wapi. Diani mchanga ni mweupe na laini, ila mnaotoka kisiwani mkumbuke kivuko cha Likoni: waendao kwa miguu hawalipi, magari hulipa na hupanga foleni. Wenye gari wanaweza kuzungukia barabara ya Dongo Kundu.

Kama mmoja wenu hapendi maji kabisa, mpeleke jioni Mama Ngina, pale mjini kwenye mlango wa bandari. Atakula mihogo akitazama meli zikiingia. Hapo hapaogelewi.

*Angalizo:* usiende ufuo mtupu usio na watu ati kwa sababu picha zake ni nzuri. Pahali pasipo na watu hapana wa kukusaidia.

4. Pika usiku, fungasha alfajiri.

Vyakula vya tui viacheni nyumbani. Wali wa nazi, maharagwe ya nazi, samaki wa kupaka, vyote ni vitamu na vyote huchacha upesi kwenye joto. Pilau hustahimili, mradi imefungwa ikiwa ya moto kwenye chombo kinachohifadhi joto na kachumbari iko mbali nayo. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, machungwa na matikiti hayana shida. Keki yenye krimu juu usiijaribu.

Au msipike sana. Ufukweni na barabarani kwake kuna viazi vya karai, bhajia, kachri, sambusa, mishikaki, mihogo ya kuchoma yenye ndimu na pilipili, na madafu. Kula mahali penye foleni. Foleni maana yake mafuta yana moto na chakula hakijalala. Achari na mabuyu vitawajia vyenyewe, vikibebwa.

5. Safiri.

Kutoka mjini, panda matatu za Bamburi au Mtwapa, zinavuka daraja la Nyali. Mwambie kondakta "Pirates" tu. Mwenye gari afike mapema, maegesho hujaa.

Kwa wanaokuja na SGR: kituo kiko Miritini, upande mwingine kabisa wa mji. Treni ya asubuhi kutoka Nairobi hufika mchana, na bado kuna safari ya kukatiza mji wenye foleni zake. Usiwaahidi watoto kwamba wataogelea siku hiyohiyo. Waliofika na basi la usiku nao walale kwanza. Mtu mzima aliyekesha safarini hafai kulinda watoto majini.

6. Fika, kaa, weka alama.

Tafuta kivuli nyuma ya mstari wa mwani mkavu. Mstari huo ndio unaoonyesha maji yalikofika mara ya mwisho. Mkikaa mbele yake, mizigo yenu itaoga kabla yenu. Mkikaa chini ya mnazi, inueni macho kwanza. Dafu likidondoka halichagui kichwa.

Wasalimieni waliowatangulia kukaa. "Hamjambo" na "shikamoo" kwa wazee huwapatia majirani, na jirani ndiye atakayewatazamia vikapu mkiwa majini.

Kisha kila mtoto aonyeshwe alama: kibanda cha rangi fulani, mnara wa waokoaji, mti uliopinda. Alama iwe kitu kisichohama. Mwavuli wa mwenye kuuza aiskrimu huhama. Tumia ile kalamu kuandika namba ya simu ya mzazi kwenye mkono wa kila mtoto.

7. Gawaneni zamu kabla ya mtu yeyote kulowa.

Familia kubwa hudanganyana kwa wingi wao. Wajomba wanne, mashangazi watatu, na kila mmoja anaamini mwenzake anatazama. Dawa yake ni kofia moja. Anayeivaa ndiye mlinzi: hashiki simu, hali, hapigi gumzo, macho yake yako majini. Kila nusu saa anamvisha mwingine, uso kwa uso. Usimvishe kijana wa miaka 13 ukaenda kulala.

Anayezama hapigi kelele. Hapungi mkono kama kwenye sinema. Kichwa huinama nyuma, mdomo usawa wa maji, halafu kimya. Ndiyo maana mlinzi anahitaji macho, si masikio.

8. Ingieni.

Mtu mzima atangulie, apime kina na aguse chini kwa miguu. Mkitembea kwenye maji yasiyoonyesha chini, burutani miguu badala ya kuinua na kukanyaga. Taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, hulala kwenye mchanga, naye akiguswa kwa upande huondoka zake. Akikanyagwa mgongoni hupiga kwa mwiba wa mkia.

Mtoto mdogo asiwe mbali kuliko urefu wa mkono wako. Asiyejua kuogelea, wa umri wowote, maji yasipite kiunoni. Hili liwahusu na akina baba, ambao huona haya kusema hawajui.

Kaeni ndani ya mwamba. Pwani hii ina bahati: mwamba wa matumbawe umejipanga mbele na kuyavunja mawimbi makubwa kabla hayajatufikia. Hatari iko kwenye milango ya mwamba, zile nafasi ambazo maji hutokea nje, na kwenye midomo ya hori kama Mtwapa. Maji yakipwa huko mkondo huwa na nguvu ya kumshinda muogeleaji hodari.

*Angalizo kwa siku za bamvua:* maji yakipwa sana watu huvutiwa kutembea hadi kwenye mwamba kuangalia nyota za bahari na kaa. Si vibaya, ila nendeni na mtu anayejua njia, vaeni viatu, na mgeuke kurudi mapema, kabla maji hayajaanza kujaa. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Hujaa taratibu mwanzoni na kwenda kasi katikati, tena hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yenu, kati yenu na nchi kavu. Nyota za bahari zitazameni bila kuzitoa majini, na makombe na matumbawe yabaki yalipo. Sehemu ya bahari hii ni hifadhi ya Mombasa, iliyotengwa tangu 1986 na kusimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kuchukua kitu humo ni kosa.

9. Tokeni jua likiwa kichwani.

Kati ya saa sita na saa tisa, kaeni kivulini. Kuleni, laleni, chezeni karata. Watoto watalalamika, paka losheni tena wakati wakilalamika, maana ya asubuhi imeshaoshwa. Mawingu yasikudanganye, jua huchoma kwa kupenya.

Maji ya kunywa yagawe kwa saa. Mtoto aliye majini hasikii kiu, na ukimngoja aombe, ataomba akiwa tayari ameumwa kichwa.

10. Biashara za ufukweni.

Mtaletewa kila kitu: tyubu za kukodi, ngamia, mashua yenye kioo chini, shanga, picha. Vijana wengi ni waungwana wanaotafuta riziki. Kanuni ni moja: bei kwanza, tena kamili. Uliza ni kwa mtu au kwa familia, kwa muda gani, na kama kushuka juu ya ngamia ni bei ileile ya kupanda. Mpiga picha akisema "napiga tu, utachagua," mwambie idadi kabla hajainua kamera. Usichokitaka, sema "asante, leo hapana" ukiwa umesimama wima na ukitabasamu. Ukisema "labda baadaye" umeweka ahadi, atarudi.

Kwa mashua, kila mtu avae jaketi la kuokolea kabla haijasukumwa, na lifungwe. Likiwa chini ya kiti halina maana.

*Angalizo:* tyubu ni mchezo, haiokoi. Mtoto huponyoka katikati ya lile tundu bila sauti, na maji yakipwa huibeba tyubu nje pamoja naye. Mwenye tyubu awe na mtu mzima anayeishikilia.

11. Fungasheni kabla ya magharibi.

Watoto watoke majini jua likiwa bado linaonekana. Giza la ikweta halibishi hodi. Hesabu watu, halafu vikapu, halafu watu tena. Mchanga hutoka vizuri ukiwa mkavu. Usiusuuze, usubiri ukauke, upanguse kwa leso kavu. Taka zenu ondokeni nazo. Njiani, kabla ya kupita mjini, jifunikeni. Nguo za kuogelea zina heshima yake ufukweni, lakini Mombasa ni mji wa watu wazima na misikiti, na leso moja kiunoni haikugharimu chochote.

Mambo yakienda mrama

*Mmefika na maji yamepwa.* Msirudi. Jengeni ngome za mchanga, kuleni mapema, mlale. Kama ni saa tano ya bamvua, kufikia saa tisa mtakuwa mnaogelea.

*Mtu amewashwa na kitu majini, ngozi ina mistari myekundu.* Huenda ni yavuyavu, mnyama laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha, ambaye wengine humwita konyeza. Toka majini, suuza kwa maji ya bahari yaleyale, si ya mfereji, wala usisugue kwa mchanga. Nyuzi zilizonata ziondoe kwa kibanio. Kisha mimina ile thermosi ya pili: maji moto, yenye joto analoweza kulivumilia bila kuungua, kwa dakika 20 au zaidi. Yajaribu kwanza kwenye mkono wako mwenyewe. Na ule ushauri wa kukojolea, tafadhali, uacheni. Akivimba uso au kupumua kwa shida, hospitali mara moja.

*Amekanyaga yule mnyama mweusi wa mviringo mwenye miiba kama sindano.* Miiba hukatikia ndani. Loweka mguu kwenye maji moto, toa ile inayochomoza, na iliyozama usiichimbue kwa pini. Ikiwa iko kwenye kiungo au mguu unazidi kuvimba, mwachie daktari.

*Amepigwa na taa.* Maji moto vilevile, yatatuliza maumivu, lakini huyu lazima aende hospitali hata akisema amepoa. Mwiba huacha vipande.

*Mkondo umemchukua mtu.* Msiingie kumfuata kwa pupa. Ndivyo wanavyozama wawili. Mrushieni kitu kinachoelea: tyubu, au mtungi mtupu uliofungwa kifuniko. Ndiyo, usiutupe ule mtungi baada ya kuumaliza. Iteni waokoaji na wenye mashua. Wewe ukiwa ndiye uliyechukuliwa, usishindane na maji uso kwa uso: elea, pumua, ogelea kwa kufuata mstari wa ufuo mpaka mkondo ulegee, ndipo ugeukie nchi kavu. Piga simu 999 au 112; Msalaba Mwekundu ni 1199.

*Ametolewa majini na hapumui.* Usimning'inize kichwa chini, usimkamue tumbo. Mlaze chali, mpulizie pumzi mdomoni, mkandamize kifua katikati kwa nguvu na kwa kasi, bila kuacha mpaka msaada ufike. Akizinduka bado aende hospitali, kwa sababu mapafu yanaweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.

*Mtoto haonekani.* Anzeni majini, kabla ya vibanda vya chakula. Mtu mmoja abaki penye alama, asiondoke. Waambieni waokoaji na vijana wa tyubu rangi ya nguo zake. Wao huona ufuo mzima. Mkimpata msimchape. Akiogopa kipigo, siku nyingine atajificha.

*Kichwa kinamgonga, anatapika, ngozi ina moto.* Jua limemzidi. Kivulini, leso iliyoloweshwa maji shingoni na kwapani, maji ya kunywa kidogokidogo. Akianza kuchanganyikiwa, msingojee apoe, tafuteni gari.

*Ngozi imeungua.* Maji ya baridi, losheni nyepesi, fulana ya mikono mirefu kesho. Mafuta mazito ya kupikia hayaponyi, hukaanga.

*Simu imeingia maji ya chumvi.* Izime, usijaribu kuichaji. Ipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, ikauke, umpelekee fundi. Chumvi huendelea kula hata simu ikikauka.

*Watoto hawataki kutoka majini.* Usiite kutoka mbali, wimbi linakushinda sauti. Shuka na karatasi ya viazi vya karai vyenye ukwaju, simama pale maji yanapoishia, anza kula peke yako.